Kwa Bwire, Asiyetoka Jasho

Mwanangu Bwire,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa timu, shati umelilowesha mgongoni kama kawaida yako, na mluzi wako nimeusikia mpaka ulipopinda kona ya kisimani. Wewe ni mzima. Na mimi ni mzima, ila mkono wangu haujashika kalamu kwa maana hii tangu nimalize darasa la saba, kwa hiyo utavumilia mwandiko. Baba yako yuko uani analifunga begi lako kwa kamba za nyavu, utadhani basi la kesho litapita katikati ya ziwa. Nimemwacha. Ana huzuni, na mikono yake haijui kukaa bure akiwa na huzuni.

Mambo ya kulowesha fulana, kukaa upande wa kivuli, kunywa maji kabla ya kiu, hayo sitayaandika. Unayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia yale ambayo kila nikianza kukusimulia unacheka, unasema, "Mama, hayo yameshapita," na mimi nanyamaza. Leo huwezi kunikatisha.

Ulizaliwa Suguti, nyumbani kwa bibi yako mzaa baba, majira ambayo muhogo unaanikwa juu ya mawe na mawe yenyewe huwezi kuyakalia. Ulikuwa na nywele chache, nyepesi, kama zile nyuzi za hindi bichi. Ngozi yako ilikuwa kavu. Bibi yako alisema, "Ataota tu nywele, haraka ya nini?" Na mimi nikasema ndiyo, haraka ya nini, kwa sababu ulikuwa unanyonya vizuri na unacheka na kila mtu.

Halafu homa zikaanza. Jua likipanda, na mwili wako unapanda. Jua likishuka, na wewe unashuka. Ningeliona hilo mapema ningejua pa kuanzia, lakini mtu mwenye hofu haangalii saa. Nilikuwa nakimbia na wewe zahanati, njia nzima upepo wa ziwani unakupiga, tukifika wanakupima, malaria hakuna na homa hakuna. Nesi ananiangalia mimi badala ya kukuangalia wewe. Narudi nyumbani nimeona aibu, kesho yake saa sita mchana unawaka tena.

Sasa sikia nilichokuwa nakifanya. Mama yangu alinilea kwamba mtoto mwenye homa anafunikwa, akitoka jasho homa inaondoka nalo. Ndivyo tulivyofanyiwa wote kwetu na tukapona. Kwa hiyo nilikuwa nakufunika. Blanketi, juu yake kitenge, naketi pembeni na kitambaa mkononi nikisubiri jasho lianze kutoka nikufute. Nilikuwa nakusubiri utoe kitu ambacho hukuzaliwa nacho. Nikiliona blanketi lile hadi leo moyo unaniuma, na bado silitupi, kwa sababu linanikumbusha kwamba mtu anaweza kupenda kwa nguvu zake zote na akawa anakosea kwa nguvu hizohizo.

Siku moja tulikuwa tunavuna muhogo. Nilikulaza chini ya turubai pembezoni mwa shamba, nikakufunika vizuri. Niliposikia bibi yako anapiga kelele nilitupa jembe. Ulikuwa umekakamaa, macho yamegeuka. Bibi yako akasema, "Hii ni degedege, hii haina hospitali, tumpeleke kwa mtu anayejua." Mimi nilikuwa nalia tu. Ndipo baba yako akatokea kutoka ziwani. Alikuwa ametoka kuvuta nyavu, shati na suruali vinadondosha maji. Alikunyakua, akakuvua blanketi akalitupa, akakubana kifuani na kukimbia.

Nilimkuta zahanati amekaa kwenye benchi, na wewe umekaa mapajani mwake unachezea kifungo cha shati.

"Nesi anasema hana homa," akaniambia.

"Si alikuwa anakufa?"

"Alikuwa anakufa. Sasa hafi."

Tulidhani ni maombi. Bibi yako alidhani ni lile jani alilokupaka usoni kabla baba yako hajafika. Hakuna aliyefikiria shati.

Aliyetutoa gizani ni mama yako mdogo, huyu mdogo wangu wa Nyasura kule Bunda. Alinipigia simu akasema kuna daktari wa ngozi anakuja mjini kwao kuona wagonjwa, nikulete, maana ngozi yako imezidi kuwa kavu na meno yako mawili ya kwanza yameota yamechongoka kama ya mtoto wa paka. Nikapanda gari. Daktari alikuwa mama wa makamo, anaongea taratibu. Alikutazama meno, akakutazama nywele, akavichunguza viganja vyako kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akaniuliza:

"Mama, mtoto huyu umewahi kumwona anatoka jasho?"

Nilifungua mdomo nimjibu, ndiyo, nani hatoki jasho? Nikaufunga. Nilikuwa nimekubeba mgongoni miezi yote ile. Mgongo wangu ulikuwa unalowa. Tumbo lako, lililokuwa limeugusa, halikuwahi kulowa isipokuwa kwa jasho langu mimi.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi."

Akavuta kiti karibu. "Nyumbani mna mtungi wa udongo?"

"Tunao, kwa mama mkwe."

"Maji ya mtungini yanakuwaje?"

"Ya baridi."

"Kwa nini?"

"Mtungi unatoka jasho nje."

"Na maji ya ndoo ya plastiki?"

"Yanakuwaga ya moto tu."

Akasema, "Umenijibu mwenyewe. Chini ya ngozi ya mtu kuna tezi ndogondogo, zimejikunja kama uzi. Mwili ukipata joto zinasukuma maji juu ya ngozi, maji yakikauka yanaondoka na lile joto. Ndiyo kazi kubwa ya jasho. Watu wanalifuta na kulionea kinyaa, kumbe ndilo linalotufanya tuweze kulima na kukimbia juani bila kufa. Za mtoto wako hazikuumbika. Akipata joto, joto halina mlango."

"Kwa hiyo anaumwa ugonjwa gani, dokta?"

"Haumwi. Amekosa kitu. Ukimpa kwa mkono wako hicho alichokosa, ataishi mpaka azeeke."

Bwire, nimesikia mahubiri mengi maishani. Hakuna neno lililonisimamisha wima kama hilo.

Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza kama nikilima nguo inalowa mgongo mzima. Nikakumbuka gauni langu la shule, jinsi lilivyokuwa linalowa vipande vipande, wasichana wakinicheka kwamba naoga nusu. Akanipaka dawa ya rangi mgongoni, akaninyunyizia unga, akaniambia nikatembee juani kuzunguka jengo. Niliporudi mama yako mdogo alipiga ukelele: "Dada, una michirizi kama punda milia!" Palipotoka jasho palikuwa peusi, pasipotoka palibaki vilevile. Nusu ya mwili wangu inajua kutoka jasho, nusu haijui. Na yale meno yangu mawili ambayo hayakuwahi kuota, nikajua siku ile kwa nini. Umetokana na mimi, mwanangu. Daktari akawahi kusema, "Si kosa lako. Hakuna mtu anayechagua cha kurithisha." Nikaitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilikuwa tayari nimeanza kufikiri namna ya kuficha.

Baba yako sikumficha. Nilimweleza yote, mtungi na ndoo na punda milia. Akauliza, "Kwa hiyo ile siku, ni shati langu?"

"Ni shati lako."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na yale machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. "Basi tuhame," akasema. "Tukakae ukingoni kabisa mwa ziwa, penye maji na upepo." Ndivyo tulivyokuja Makoko, hapa Musoma. Nyumba hii ulivyoikuta, na nyasi alizoziweka juu ya bati watu wakamcheka, ilijengwa kwa kipimo chako.

Ila bibi yako alipoambiwa alisema neno moja tu: "Kwetu hatunaga watu wa hivi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja mbegu isiyopandwa upande wake. Lakini lile neno lilinifunga mdomo miaka na miaka.

Ulipoanza shule, mwalimu wa darasa la kwanza aliniuliza kwa nini mtoto asikimbie mchakamchaka na wenzake. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikasema, "Ana shida ya moyo." Niliona ugonjwa wa moyo una heshima. Watu wanauelewa, wanakuhurumia, hawakuangalii tumboni kujua umezaa nini. Kila asubuhi wenzako walikimbia wakiimba, na wewe ukakaa barazani kwa mwalimu mkuu unalinda madaftari.

Sikujua kwamba ulikuwa umesimama mlangoni nilipoyasema yale. Nilijua muda mrefu baadaye, jioni moja nikiwa nakaanga sato. Ulikuja ukasimama karibu yangu, mkono kifuani.

"Mama, moyo wangu utasimama lini?"

"Nani kakwambia utasimama?"

"Wewe. Ulimwambia mwalimu. Huwa nausikiliza nikilala. Ukienda haraka nakaa."

Samaki waliungua siku ile. Nilikukalisha kwenye kigoda nikakueleza yote, kama nilivyoelezwa mimi. Nilitegemea ulie, au unikasirikie. Ulinitazama kwa mdomo wazi.

"Kwa hiyo ni jasho tu?"

"Ni jasho."

"Jasho tu, mama? Jasho?"

Ukatoka uani ukaanza kuruka. Uliruka, ukapiga kelele, ukajimwagia kata nzima ya maji ya kuoshea vyombo, ukaruka tena. Baba yako alitoka ndani akadhani umeng'atwa na nge. Mimi nilikaa pale na samaki wangu weusi nikijifunza jambo ambalo nakuomba ulishike: uwongo niliousema ili kukulinda ndio uliokuumiza kuliko ukweli niliouogopa. Ukweli ulikuwa mdogo. Mtoto mdogo aliweza kuubeba na bado akaruka.

Ungedhani nimeponea hapo. Sikupona. Shule nilirudi nikarekebisha, nikamwambia mwalimu ni "joto," basi, nikaishia hapo. Na wewe nikakwambia, "Wenzako usiwaambie." Ukaniitikia. Ulikuwa mtoto msikivu, na nikautumia usikivu wako vibaya.

Ulipofika sekondari akaja Mwalimu Mafuru, yule wa michezo, akitoka kijasho chembamba kwa kutembea kutoka getini tu. Alikaa hapo kwenye mkeka akasema, "Shikamoo wazazi wangu. Nimekuja kumwomba Bwire. Nataka awe kipa."

Nikasema hapana kabla hajamaliza. Juani? Na wewe?

"Mama Bwire, nimemtazama. Kipa hakimbii sana. Mpira ukienda mbali anaweza kujimwagia maji. Tutaweka ndoo nyuma ya goli."

Baba yako akanyanyuka, akaenda stoo, akarudi na ndoo yake ya buluu ya kubebea samaki. Akaiweka mbele ya mwalimu. Wewe ulikuwa unachungulia dirishani, na uso ulioufanya siku ile ndio ulioninyang'anya hapana yangu.

Kila mechi nilikaa nyumbani. Nilikuwa nafunga mlango nasubiri mtu aje aniambie umeanguka. Badala yake walikuwa wanakuja wanaimba. Umedaka. Umedaka tena. Mkaenda Bunda mkashinda, mkarudi Musoma mkashinda, na fainali ikapangwa Butiama. Bibi yako akaleta salamu kutoka Suguti kwamba na yeye anakwenda. Bibi mwenye magoti yale anapanda gari kwenda Butiama, halafu mama mzazi abaki nyumbani? Nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda.

Unaikumbuka wewe kutokea golini. Ngoja nikusimulie kutokea pembeni.

Jua lilikuwa la kupasua mawe. Watu walikuwa wengi, wamejifunika makanga na maboksi vichwani. Kila mpira ulipokwenda upande wa pili ulikuwa unageuka, unachota, unajimwagia kichwani, unageuka tena. Kipindi cha kwanza watu walicheka. Kipindi cha pili, timu zikiwa sare ya goli moja kwa moja, na ulikuwa umeokoa mipira ambayo hata mimi nisiyejua mpira niliziba macho, kicheko kikageuka manung'uniko. Kisha kocha wao akaingia uwanjani.

"Refa, ile ndoo ina kitu! Kila akijimwagia goli linazibika!"

Na watu wao wakaanza: "Ndumba! Mwaga ndoo! Ndumba!"

Refa akasimamisha mchezo akaja golini. Uwanja mzima ukasogea mistarini. Nilitaka ardhi ipasuke. Miaka yote niliyoficha, na sasa limekuja mbele ya mkoa mzima, na kwa jina baya kuliko yote niliyoyaogopa. Mwalimu Mafuru alikuwa anakimbia kuja kukutetea, nikakuona unamnyooshea kiganja.

"Mwalimu, niache niseme mwenyewe."

Refa akauliza, "Kijana, ndoo ya nini hii?"

Ukasema, na hukushusha sauti, Bwire, ukasema kama mtu anayetaja jina lake: "Mimi sitoki jasho, refa. Nilizaliwa hivyo. Sina tezi za jasho. Nikikimbia mwili unachemka, hauna pa kutolea joto. Kwa hiyo najimwagia. Nyie jasho lenu linatoka ndani. La kwangu liko kwenye ndoo."

Halafu mtu mmoja akapaza sauti, "Mwongo! Nani hatoki jasho?"

"Aje mtu anishike," ukasema.

Akaja nahodha wao, kijana mrefu, anachuruzika jasho mpaka kidevuni. Akakuambia uinue mkono, akaweka kiganja chini ya kwapa lako, akakipeleka shingoni ambako maji yalikuwa yameshakauka. Akawageukia watu wao.

"Mkavu," akasema. "Na ana moto kama sufuria."

Refa akainama, akachota maji ya ndoo kwa viganja viwili, akanawa uso wake taratibu mbele ya watu wote. Akasema, "Maji. Tena mazuri. Ndoo ibaki, mpira uendelee."

Hapo ndipo niliposikia sauti pembeni yangu. Bibi yako alikuwa amesimama, fimbo imeanguka, anapiga vigelegele na kumshika kila aliye karibu: "Huyo ni wa kwetu! Mnamwona? Huyo ni wa kwetu!"

Sijui nilicheka au nililia. Nilitazama huku na huku nikitafuta watu wanaotucheka, wale niliowakimbia tangu ukiwa mgongoni kwangu. Sikumwona hata mmoja. Niliona watu wanaulizana: kumbe inawezekana? Kumbe jasho ndilo linapoza? Mzee mmoja alikuwa anajifuta paji la uso na kuutazama mkono wake uliolowa kama vile ameona dhahabu.

Mchezo ukaisha hakuna mshindi, zikaja penalti. Na ndoo ilikuwa imekwisha. Nikakuona umeshika mwamba, umeinama, kifua kinapanda na kushuka, nikaanza kusukuma watu niingie uwanjani na chupa yangu ndogo ya maji ya kunywa. Kabla sijafika, yule nahodha wao alikuwa amebeba dumu la timu yao.

"Mmwagieni kipa wenu," akawaambia kina Magesa, wenzako wa timu. "Sisi hatutaki kushinda kwa msaada wa jua."

Wakakumwagia lote. Ukatikisa kichwa kama mbwa aliyetoka ziwani, ukasimama.

Wetu wakafunga, wao wakafunga. Daktari aliniambia viganja na nyayo vina jasho lake peke yake, halitoki kwa joto, linatoka kwa hofu. Siku ile nilitoka jasho la watu wawili, hata zile sehemu zangu zisizojua kazi nadhani zilijaribu. Penalti yao ya mwisho akaipiga nahodha yuleyule aliyekuletea maji. Aliipiga vizuri, chini, kushoto. Ukaruka. Nilikuona hewani, umelowa, unang'aa, na mpira ukagonga vidole vyako ukatoka nje.

Sijui wengine wanakumbuka nini. Mimi nakumbuka kwamba yeye alikuwa wa kwanza kukuinua.

Nyote mlikuwa mnaimba, mnazunguka uwanja na kombe, na mimi nilikuwa nimekaa chini, ndipo mwanamke mmoja akanijia. Kijana, hajafika miaka ishirini na mitano. Ana mtoto mgongoni amefunikwa shali zito.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mama wa kipa?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Huyu wangu homa haziishi. Wanapima hawaoni kitu. Nyumbani kwa mume wanasema nimeleta mkosi." Akalikaza lile shali. "Mwanao aliposema vile, nikakaa nikafikiri. Mama, mimi sijawahi kumwona anatoka jasho."

Akamteremsha. Mtoto akapiga miayo, na nikaona meno mawili, yamechongoka.

Nilikuita. Ulikuja mbio na kombe mkononi, ukamtazama mtoto, ukamtazama mama yake, ukanipa mimi kombe nilishike. Ukachuchumaa.

"Anaitwa nani?"

"Manyama."

Ukavua jezi yako iliyolowa, ukakamua kidogo, ukamvisha Manyama. Ikamfika miguuni. "Shali toa, dada," ukamwambia yule mama. "Usimfunike akiwa na moto. Mloweshe, mpepee, mweke penye upepo. Halafu mpeleke kwa daktari wa ngozi, mama atakuelekeza." Manyama akacheka alipousikia ubaridi. Yule mama akakaa chini pale pale vumbini akaanza kulia, na mimi nikakaa naye, kombe katikati yetu.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, mwanangu. Nilidhani kwa kunyamaza nakulinda wewe. Lakini kwa kunyamaza nilikuwa nawaacha akina mama wengine pembeni ya mashamba yao na mablanketi. Wewe ulisema sentensi chache golini, na mtoto mmoja wa Butiama anatembea leo, anakimbia na kopo lake la maji, na ukimuuliza kwa nini amelowa anakujibu kabla hujamaliza swali. Mama yake alinipigia juzi kuuliza siku ya safari yako. Nikamwambia. Akasema atasali. Nikasema Amina, lakini tayari nilikuwa naona kwamba sala zimeshajibiwa sana.

Ulipopata nafasi ya chuo nilitaka uende Mbeya au Njombe, penye baridi. Wewe ukachagua ufundi wa majokofu, Dar es Salaam, kwenye joto la kuchemsha. Nilikasirika, unakumbuka. Ukaniambia, "Mama, mtu akajifunze majokofu Njombe kwa nini? Kule hawayahitaji." Baba yako alicheka siku mbili. Mimi nilichelewa kucheka, ila nimefika.

Kwa hiyo nenda. Sikutumi ukajifiche kwenye kivuli cha mji wa watu. Nenda ukakae katikati yake, usome, ufanye kazi, upende mtu, na siku ukipata binti, maana mabinti zako ndio watakaoirithi, umweleze mapema kuhusu damu yetu, aijue kabla ya kuambiwa na wengine. Sina tena hofu ya kukupa. Niliyokuwa nayo imekwisha, iliishia Butiama.

Na mtu wa kwanza atakayekuuliza huko kwa nini umelowa, mwambie. Huenda nyuma yake amesimama mama mwenye mtoto.

Ni mimi mama yako,
Nyabise,
Makoko.